Wimbo wa Tatu

Mimi ni mwoga, na ni afadhali niseme mapema. Wanaosoma blogu yangu huniandikia kana kwamba nafungua kinywa kwa nyama ya simba, eti "mama huyu hana simile." Maneno ni maneno tu. Mimi naogopa radi, naogopa mbwa wa jirani, na kuliko vyote naogopa simu inayolia, ikakatika, ikalia tena papo hapo. Mwenye habari njema hupiga mara moja.

Nina saiba ndogo, duka la kompyuta na intaneti, mjini Migori, upande wa barabara iendayo Isebania. Watu huja kuomba vyeti, kutuma maombi ya kazi, kutoa nakala za hiki na kile. Lakini kazi inayonilisha hasa ni programu za mazishi: ile karatasi iliyokunjwa, picha ya marehemu mbele, wasifu katikati, nyimbo nyuma. Nimepanga nyuso nyingi za waliokufa mpaka nikiona picha najua ni ipi itatoka vizuri. Ungedhani kazi kama hiyo ingeniondolea uoga. Imeunenepesha.

Blogu ni ya kujifurahisha. Naandika kuhusu muziki wa kwetu: benga iliyokuwa ikipigwa kwenye harusi nilipokuwa mdogo, kwaya za kanisani, wazee wanaopiga nyatiti, kile kinanda chetu cha nyuzi. Mwanzoni niliandika maneno matupu. Kisha msomaji mmoja aliye ng'ambo akanitania kwamba nawasimulia harufu ya samaki huku sufuria nimeifunika. Ilinichoma kwa sababu ilikuwa kweli, na ndipo nikajifunza kupachika muziki wenyewe kwenye ukurasa.

Si kazi ngumu. Unaingia kwenye mtandao wa muziki, unatafuta wimbo, unabonyeza palipoandikwa "shiriki," unapewa mstari mrefu wa alama zisizosomeka. Unaunakili na kuubandika kati ya aya zako. Ukifungua ukurasa, mahali pa zile alama pamekaa kisanduku chenye picha ndogo na kitufe cha pembetatu. Kilipotokea mara ya kwanza nilipiga makofi peke yangu, na mteja aliyekuwa akisubiri nakala zake akasogea karibu na mlango.

Baadaye nikapata makali zaidi. Badala ya wimbo mmoja mmoja, nikapanga orodha nzima ya nyimbo na kuipachika juu kabisa, ili msomaji akibonyeza mara moja muziki uende wenyewe, mmoja ukiisha mwingine unafuata. Orodha ile niliijaribu kwa simu yangu, kwa kompyuta zote za dukani, hata kwa simu ya mama muuza omena wa jirani. Hiyo ndiyo tabia yangu ya kazi: sichapishi kitu ambacho sijakijaribu.

Mwisho kabisa wa orodha niliweka sauti ya shangazi yangu.

Hapa lazima nieleze. Kwetu ni Homa Bay, upande wa Rangwe, si mbali na Asumbi. Pale nyumbani mtu akifa, watu hawaanzi kulia ovyo. Kuna mambo yanayotangulia, na kuna mtu wa kufungua kilio. Akishafungua, wengine wote wanapokea, kilio kinavuka mashamba na majirani wanakuja mbio. Kwa Kijaluo tunaita nduru. Dada mkubwa wa baba yangu ndiye aliyekuwa akifungua. Alikuwa na sauti ya juu, iliyopasuka kidogo pembeni, na baada ya nduru aliimba, akimwita aliyekufa na kumtajia ukoo wake. Aliyeisikia sauti ile kutoka bondeni hakuuliza kuna nini. Aliuliza ni nani.

Shangazi alikufa mimi nikiwa tayari mtu mzima. Baba alibaki na kanda moja ambayo mtu alimrekodi kwenye mazishi ya nyanya yetu. Aliniletea hiyo kanda dukani ikiwa imefungwa kwa leso, akaniomba niihamishe kwenye kompyuta kabla utepe haujaoza.

"Iweke mahali haiwezi kupotea," aliniambia. "Lakini usiipige kwa boma la mtu ambaye hajafiwa."

"Baba, mtandao si boma," nilimjibu. Nilikuwa najiona mjanja. Mtandao hauna lango, hauna upepo wa kubeba sauti, niliwaza. Sikuwaza kwamba kila anayeufungua anaufungulia mahali, na mahali hapo aghalabu ni boma la mtu.

Nikaipandisha kanda ile kwenye mtandao wa muziki, nikaiweka mwisho wa orodha, ambako ni mvumilivu tu angefika. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Halafu yule msomaji wa ng'ambo akaandika tena: sauti ile ndiyo kitu bora katika blogu yote, mbona umeificha huko chini? Sifa hunilewesha. Nikaishika kwa kidole, nikaiburuta juu, nikaiacha nafasi ya tatu, baada ya benga mbili.

Wakati huo baba alikuwa mgonjwa. Moyo wake ulikuwa umechoka na miguu ilivimba. Daktari wa Homa Bay alitupa dawa na onyo moja ambalo sote tulilikariri: mzee asishtuliwe. Mama alishatangulia zamani, kwa hiyo aliyemtunza ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, mwanamke mpole ambaye angeweza kumbembeleza hata jogoo akalala. Mimi nilikuwa nimempelekea spika ndogo ya blututhi na bando za intaneti za kutosha. Nilimwambia awe anamfungulia baba blogu yangu mchana na kumpigia ile orodha, ili mzee apate usingizi. Na kweli alipata. Kwa kawaida kabla ya wimbo wa nne baba alikuwa akikoroma, na wifi anazima.

Nilipouburuta wimbo ule, sikumkumbuka wifi. Wala baba sikumkumbuka.

Kesho yake nilikuwa nimekaa na mteja, mwanamume wa makamo aliyefiwa na mama yake. Tulikuwa tunachagua picha ya mbele. Yeye alitaka ile ambayo mama anacheka, dada zake wanataka ile ya kitambulisho. Simu yangu ikalia, ikakatika, ikalia tena. Alikuwa mama mmoja jirani yetu wa Rangwe.

"Nyathina, pole sana," alisema. Ananiita mwanangu tangu nikiwa mtoto. "Jikaze. Mzee amepumzika."

"Mzee gani?"

"Baba yako. Nduru imelia kwenu sasa hivi. Mimi niko njiani naenda."

Sikulia. Nikajisikia nikiuliza swali la kipumbavu: "Nani amefungua?"

Mama yule alishusha sauti. Akasema kama mtu asiyetaka kusikiwa hata na njia anayopita. "Nyathina, hiyo ndiyo inanitetemesha. Ni shangazi yako. Ile sauti mimi siwezi sahau. Amekuja kumchukua ndugu yake."

Nywele zilinisimama. Naandika hivi kama nilivyohisi, sipambi. Kwa muda mfupi niliamini kabisa: marehemu amefika nyumbani kwetu mchana kweupe, amemfungulia mdogo wake kilio na kuondoka naye. Kisha macho yangu yakaangukia kompyuta ya pili, ambako blogu yangu huwa wazi siku nzima. Benga, benga, shangazi.

Ningepaswa kushukuru. Ilimaanisha baba hajafa. Lakini hofu iliyoingia baada ya hapo ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Baba hajafa, ila kijiji kizima kinakimbia kuelekea chumbani kwake kikipiga mayowe, na daktari alisema asishtuliwe. Alikuwa hai na mimi ndiye nilikuwa namuua, kutoka Migori, nikiwa nimeketi.

Nilimpigia wifi. Simu iliita mpaka mwisho, hakuna aliyepokea. Nikapiga tena na tena. Ndipo nikaelewa kwamba simu ile ile ninayoipigia ndiyo inayoimba. Nikipiga, shangazi ananyamaza kunipisha; nikikata, anaendelea alipoachia. Nikaacha kupiga. Nikaingia kwenye orodha na kuufuta wimbo, nikang'oa kisanduku chote kwenye blogu, nikafungua ukurasa kuhakikisha. Palikuwa peupe. Nikampigia yule mama jirani.

"Bado unasikia?"

"Bado anaimba," alisema. "Niko karibu na lango. Mayo! Watu ni wengi."

Simu ya wifi ilikuwa imeshauvuta wimbo wote. Migori nimefuta, Rangwe unalia. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimesimama na kibuyu kitupu.

"Hebu mwambie mtu aingie azime simu ya wifi," nilimwambia. "Ni simu tu! Ni ya blogu yangu! Baba hajafa!"

"Unasema nini? Siskii, watu wanalia."

Laini ikakatika.

Mteja wangu alikuwa amesikia yote. Alichukua funguo zake mezani. "Mimi bado naenda Homa Bay mochari kuona mambo ya mama," alisema. "Twende, nitakushukisha Rangwe." Nikafunga duka picha ya mama yake ikiwa bado kwenye skrini, anacheka.

Alipowasha gari, redio ilianza na benga. Mikono yetu iligongana tukikimbilia kuizima. Tukaenda. Naliona jambo hilo kuwa la ajabu hata leo, kwamba nilienda kujua kama baba yangu yu hai katika gari linalokwenda kutazama maiti. Nilisali rozari kwa vidole na nikapotea katikati, nikarudia mwanzo, nikapotea tena. Kila mara simu yangu ilipotetemeka niliigeuza kifudifudi. Zilikuwa ni jumbe za pole. Watu wa kwetu hawacheleweshi pole.

Tulipofika langoni sikusikia kilio. Hilo lilinitisha zaidi. Kilio kikinyamaza kwetu, ama hapana maiti, ama watu wanasikiliza wazee wakipanga siku ya kuzika. Nilishuka hata sikumuaga yule bwana vizuri.

Boma lilikuwa limejaa. Wanawake wameketi nyasini miguu wameinyoosha, khanga mapajani, baadhi bado na majani ya kilio waliyoyavunja njiani. Hakuna aliyenitazama usoni. Na katikati, kwenye kiti cha mbao, baba yangu amekaa na blanketi mabegani, anahema kama aliyepanda kilima. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameletwa kwa boda na alikuwa amemshika mkono, akihesabu mapigo.

Nilipiga magoti pale pale nilipokuwa, na nikalia kuliko wale wote waliokuja kulia.

Wifi ndiye aliyenisimulia. Alikuwa ameweka spika dirishani ili baba asikie naye asikie, akaenda kuchimba viazi vitamu nyuma ya nyumba. Benga ya kwanza, ya pili. Kisha nduru. Yeye mwenyewe, anayejua vizuri spika iko dirishani, aliangusha jembe na kupiga ukemi, kwa sababu sauti ile haikumpa nafasi ya kufikiri. Jirani wa chini akapokea. Wa ng'ambo ya kijito akapokea. Walipoingia chumbani kwa baba, walimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda. Aliwatazama, akauliza nani amekufa. Akauliza tena, polepole:

"Ni mimi?"

Spika ilikuwa bado inaimba. Mtu mmoja aliitupa nje kwa dirisha.

Baba mdogo, ndugu yake baba, ni mtu wa hasira na hupenda kuwa na neno la mwisho. Aliniinua kwa kiwiko mbele ya watu wote. "Mambo yenu ya mitandao," alisema. "Nduru ikishatoka hairudi mdomoni. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Sasa tutafanya nini na hii ya leo?"

Hicho ndicho nilichokuwa nikikiogopa mwenyewe, na kukisikia kwa mdomo wa mtu mwingine kulikifanya kiwe kweli. Aliamua kwamba hakuna aliyelia atakayeondoka kabla hajanawa uso na kula katika boma lile, ili ije isemwe kwamba walikuja kula kwa mzee, si kumzika. Kuku walichinjwa. Viazi vya wifi vilichemshwa vyote. Katekista alifika akaombea nyumba, na baba mdogo, ambaye haamini nusu ya maneno ya katekista, alivua kofia. Watu walikula wakimtazama baba kwa pembe ya jicho. Mama yule jirani aliyenipigia alikataa kuketi karibu na dirisha.

Mimi sikula. Nilikuwa nahesabu kila pumzi ya baba. Muuguzi alikuwa amempa kidonge chake na kusema tumwache atulie, na akiendelea kuhema vile apelekwe Homa Bay. Pumzi zilishuka polepole. Jua lilipoanza kulegea, rangi ilikuwa imerudi midomoni, na akaomba nimrudishe chumbani.

Nilipomsaidia kulala ndipo nikaona miguu yake. Kwa miezi mingi hakuwa amevaa chochote zaidi ya sandali, kwa sababu ya ule uvimbe. Sasa alikuwa amevaa viatu vyeusi vya ngozi, vile vya kanisani. Kamba zimefungwa. Ngozi ya kifundo ilikuwa imefura juu ya ukingo wa kiatu.

"Baba, nani amekuvisha viatu?"

"Nimevaa mwenyewe."

"Kwa nini?"

Alinitazama kama vile swali langu halina maana. Aliyasema kwa Kijaluo, nami nayaandika hapa kama nilivyoyashika. "Nilimsikia dada yangu akiniita. Nikajua amekuja. Ningeenda naye miguu mitupu?"

Nilivifungua vile viatu kwa shida, nikavisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani. Nimeogopa mambo mengi maishani, lakini sikuwahi kuogopa kitu kama zile kamba. Mzee ambaye vidole vyake havishiki kijiko vizuri alikuwa amezifunga mafundo mawili mawili. Sisi sote tulikuwa tukikimbia kumzuia asishtuke, naye hakuwa ameshtuka hata kidogo. Alikuwa amejiandaa.

"Nimeufuta ule wimbo, baba," nikamwambia. "Hautasikika tena. Nisamehe."

"Nani alikwambia ufute?" Alikasirika, na hasira zikamrudishia pumzi fupi, nami nikamshika bega nikimsihi atulie. "Hiyo ndiyo sauti yake imebaki. Wewe rudisha."

"Uliniambia nisiipige."

"Nilikwambia usiipige bure. Ule wako unaanza wenyewe, kama mlevi. Benga imeisha, eti sasa kilio. Nani amewahi kuona kilio kikifuata benga? Uweke peke yake. Usianze mpaka mtu auanzishe." Akafumba macho, nikadhani amelala. "Na siku yangu ikifika, nani mwingine atanifungulia? Hawa wa siku hizi hawajui. Utabonyeza wewe."

Nilisema ndiyo. Ningesema nini kingine? Nilikaa pale mpaka wifi aliponiletea chai, na ikapoa mkononi.

Nilirudi Migori. Yule mteja alikuja kwa programu zake, nikamkabidhi, mama yake akicheka ukurasa wa mbele. Dada zake walikuwa wameshindwa. Aliuliza kuhusu mzee, nikasema yupo. Akatikisa kichwa muda mrefu.

Orodha ya nyimbo nimeirudisha kwenye blogu, benga na kwaya na nyatiti. Haina shangazi. Yeye nimempa ukurasa wake ambao hauonekani na wasomaji. Juu hakuna kichwa wala picha. Kuna kisanduku kimoja na kitufe cha pembetatu. Nilipobandika ule mstari wa alama niliukosea, nikaufuta, nikaubandika upya. Msomaji wa ng'ambo anaendelea kuuliza sauti ile imekwenda wapi. Simjibu.

Baba nampigia kila asubuhi. Yeye ndiye hupokea siku hizi. Wifi humshikia simu sikioni. Nikienda kumwona, kabla ya salamu macho yangu hukimbilia miguuni mwake. Akiwa na sandali, naketi. Viatu viko pale pale chini ya kitanda, na nimeona wifi amevipangusa vumbi, ingawa hatulizungumzii hilo.

Jana alinishika mwishoni mwa mazungumzo, nikiwa tayari nataka kukata.

"Ule wimbo bado uko?"

"Uko, baba. Peke yake, kama ulivyosema."

"Umeujaribu kama unalia?"

Nilitazama kompyuta. Ukurasa ule ulikuwa wazi mbele yangu, kama unavyokuwa karibu kila asubuhi, nikiwa sijagusa kitu.

"Sijaujaribu."

"Vizuri," alisema baba yangu. "Usiujaribu."